UZI: Kulala siku mbili kwa rafiki Iringa, safari ya pikipiki Dar–Mbeya. Kazi za jioni na kazi za asubuhi

#1 Mzee wa Spana 10

Wakuu, uzi huu ni kwa wanaotoka Dar kwenda Mbeya na pikipiki za cc 125 hadi 150 (Boxer, TVS na za aina hiyo) na wana rafiki wa siku nyingi Iringa wa kuwapokea. Nitaongelea kufikia kwa mtu na kupumzika tu. Mambo ya njia nzima yana nyuzi zake.

Dar hadi Iringa ni kama km 500, Iringa hadi Mbeya kama 330. Kwa mwendo wa 60–70, siku ya kwanza inakula saa kumi hadi kumi na moja na vituo vyake. Ukitoka Kimara saa 11 alfajiri, saa 10 jioni uko Ipogolo, mlangoni mwa Iringa mjini. Watu wanauliza kwa nini wasikate safari Morogoro. Moro ni km 190 tu, pikipiki haijachoka na wewe hujachoka, na kazi yote ngumu bado iko mbele: hifadhi ya Mikumi, joto la Ruaha Mbuyuni, halafu mlima Kitonga. Ukifika Iringa hayo yote umeshayamaliza, na hapo ndipo ukaguzi unakuonyesha kitu.

Lala siku mbili. Si kwa ajili ya mgongo peke yake. Pikipiki ina kazi zinazotaka injini ya moto na nyingine zinazotaka injini iliyopoa usiku kucha. Anayelala siku moja na kuondoka alfajiri, zile za baridi zinampita, na humo ndimo zimo tapeti (kupima nafasi za valvu).

Jioni ukifika, kabla hujavua buti:

Simamisha kwa stendi ya kati mahali pa tambarare, zima, subiri dakika tano mpaka kumi, pima oili. Dipstiki nyingi zinapimwa kwa kuweka tu bila kukaza nyuzi, ila kijitabu chako ndicho cha mwisho. Kama ulibadilisha Dar, usibadilishe tena. Kwenda na kurudi Mbeya ni kama km 1,650, oili nzuri inafika. Ongeza iliyopungua, 20W50 ya pikipiki yenye alama ya JASO MA. Oili ya gari inaweza kuwa na viambato vinavyoifanya klachi iteleze, maana kwenye pikipiki hizi klachi inaogelea kwenye oili hiyohiyo ya injini.

Kama oili *imepanda* badala ya kupungua, inuse. Harufu ya petroli maana yake sindano ya kabureta haifungi na mafuta yanashuka kwenye injini pikipiki ikiwa imesimama. Hapo mwaga yote, safisha kabureta, weka mpya. Ndiyo sababu nyingine ya kufunga koki ya mafuta kila unapoegesha kwa mwenyeji.

Kisha cheni, ikiwa bado ya moto. Brashi na mafuta ya taa, futa kwa kitambaa kikavu, paka oili ya gia namba 90 upande wa ndani huku ukizungusha tairi kwa mkono, gia imetolewa na injini IMEZIMWA. Vidole vingi vimekatika kwa kupaka cheni injini ikiunguruma. Ikilala usiku mzima oili inaingia kwenye pini, na inayobaki juu unaifuta asubuhi. Ukipaka asubuhi na kuondoka, nusu yake inaishia kwenye ringi.

Ya asubuhi nitayaweka chini. Fundi yeyote aongezee.

#2 Kijana wa Kimara

Mkuu asante. Swali: wengi tunapaka oili chafu ya injini kwenye cheni, ni ya bure. Ina shida gani hasa?

#3 Fundi Makorongoni

@Kijana wa Kimara oili chafu ina chembe za chuma na masizi, tena ni nyepesi, inaruka yote ndani ya km 50. Unabaki na cheni kavu yenye mchanga. Chupa ndogo ya namba 90 inakufikisha Mbeya na kukurudisha.

Nami niseme la cheni, maana kupaka mafuta hakuokoi iliyokwisha. Cheni za pikipiki hizi ni 428, hatua moja ni mm 12.7. Chukua futi ya fundi cherehani au ya chuma, ivute cheni iwe imenyooka upande wa chini, pima kutoka katikati ya pini moja hadi pini ya ishirini na moja. Mpya inasoma mm 254. Ikifika 259 imekwisha, hata kama macho yanaiona nzima. Kipimo cha haraka: ivute cheni nyuma kabisa ya sproketi kubwa. Ukiona zaidi ya nusu ya jino, badilisha cheni na sproketi zote mbili kwa pamoja. Cheni mpya juu ya meno yaliyochongoka haimalizi mwezi.

Kukaza: tafuta kwanza sehemu iliyobana kuliko zote kwa kuzungusha tairi, pima hapo. Ulegevu uwe mm 25 hadi 30 katikati ya upande wa chini. Ukipima kwenye sehemu iliyolegea utaikaza kupita kiasi, na cheni iliyobana inaua beringi ya sproketi ya mbele, ambayo kuibadilisha ni kufungua injini.

Sasa hili watu wanalisahau SANA. Ukisogeza tairi nyuma ili kukaza cheni, waya au fimbo ya breki ya nyuma nayo inavutika. Breki inabana kidogo bila wewe kujua, habu inachemka, mafuta yanaliwa. Baada ya kukaza cheni rudisha nafasi ya pedali, mm 20 hadi 30 kabla breki haijashika, zungusha tairi kwa mkono, lizunguke huru. Halafu angalia kama taa ya breki bado inawaka. Alama za pande zote mbili za swingiamu (mkono wa chuma unaoshika tairi la nyuma) zilingane, nati ya ekseli ikazwe, pini ya usalama irudi mahali pake.

#4 Mzee wa Spana 10

Fundi umemaliza. Asubuhi sasa, kabla injini haijawashwa hata kidogo:

Tapeti. Vijitabu vinataka injini ya baridi, na baridi maana yake imelala. Saa mbili kivulini hazitoshi, kichwa cha silinda kinabaki na joto. Toa plagi, fungua vifuniko viwili vya tapeti na kile cha sumaku, zungusha mpaka alama ya T (pistoni ikiwa juu kabisa) ikae kwenye dirisha. Shika roka zote mbili (mikono midogo inayosukuma valvu): zote ziwe na mchezo kidogo. Moja ikiwa ngumu uko kwenye mzunguko usio wenyewe, zungusha tena duara zima moja. Pima kwa fila geji (vibati vyembamba vya kupimia nafasi). Nafasi soma kwenye kijitabu cha pikipiki yako, usichukue za rafiki mwenye TVS ukaweka kwenye Boxer, hazifanani.

Ukiwa na shaka kati ya kubana na kulegea, legeza. Tapeti inayogonga kidogo inakera masikio tu. Ile ya ekzosi iliyobana haifungi vizuri, gesi ya moto inapita pembeni ya valvu na kuichoma. Dalili zake: pikipiki inawaka vizuri ikiwa baridi lakini inagoma ikiwa moto, na mlimani nguvu zinapotea taratibu. Wengi hapo wanalaumu kabureta.

#5 Tairi Kipara

Hapo kwenye kabureta. Iringa mjini ni kama mita 1,550 juu ya usawa wa bahari, Mafinga ni juu zaidi. Hewa ni nyepesi, injini ya kabureta inapoteza kama asilimia 15 ya nguvu ukilinganisha na Dar, na mchanganyiko unakuwa na petroli nyingi kidogo. HAKUNA kilichoharibika. Usimruhusu mtu abadilishe jeti kwa sababu "imekuwa nzito". Kama inazima kwenye sailensa (injini ikiunguruma bila kuvuta mafuta) pandisha kidogo skrubu ya mwendo wa chini, basi. Ukipunguza petroli kwenye mchanganyiko Iringa halafu ukarudi nao Dar kwenye hewa nzito, injini itachemka.

Upepo wa matairi nao una siri yake. Watu wanapima asubuhi Iringa, wanaona tairi limeshuka, wanasema "ni baridi". Hesabu inakataa. Chukua tairi la nyuma lililojazwa psi 29 Dar kwenye nyuzi joto 30. Baridi ya asubuhi ya nyuzi 15 inashusha kama 2. Lakini hewa ya nje Iringa nayo inasukuma kwa 2 na kitu pungufu kuliko pwani, kwa hiyo geji inapandisha kiasi hichohicho. Vinakatana. Ukiweka 29 Dar, asubuhi Iringa geji ileile inatakiwa isome karibu 29. Ikisoma 25, una tundu dogo au valvu inavuja. Paka mate kwenye mdomo wa valvu uone kama linatoka povu, halafu pitisha kiganja kwenye tairi lote utafute mwiba. Ruaha Mbuyuni na njia ya miguu ya kijijini vinagawa miiba bure.

Viwango vya kawaida: mbele 25, nyuma 28 ukiwa peke yako, 32 ukiwa na mzigo au abiria. Pima kabla ya kutembea hata km 1.

Spoki: gonga kila moja na spana ndogo. Zinazolia "ting" ni nzima, inayolia butu imelegea. Ikaze robo mzunguko, si zaidi, uangalie ringi isipinde.

#6 Mpita Njia

Mbona mnageuza kwa rafiki kuwa gereji? Mtu amekuja kupumzika na kuongea na mwenzake hawajaonana miaka.

#7 Mzee wa Spana 10

@Mpita Njia kazi zote hizi kwa pamoja zinakula muda wa saa moja tu jioni na muda wa saa moja na nusu asubuhi. Siku nzima iliyobaki ni ya stori. Tena rafiki akishika tochi wakati unapima tapeti stori zinanoga.

#8 Dada wa Kihesa

Kaka zangu, mmeongea ya chuma, acheni niongee ya mwenyeji, maana huku tunapokea wengi.

Toa taarifa wiki moja kabla, kisha piga simu ukiwa Mikumi na ukiwa Ilula. Kutoka Ilula hadi mjini ni kama saa moja, mwenyeji anajua aweke maji jikoni saa ngapi. Na usisubiri kufika Ipogolo ndipo uulize "nyumbani wapi". Ipogolo iko chini barabara kuu inapopita, mji uko juu mlimani, na kupanda ule mlima umechoka huku umeshika simu ni kutafuta balaa. Pata maelekezo mapema, mkutane sehemu inayojulikana.

Egesha ndani ya geti au uani, mbali na jiko la mkaa na mtungi wa gesi. Tandika boksi lililokunjuliwa chini ya injini. Oili chafu iingie kwenye dumu, ipelekwe kwa fundi. Usiimwage kwenye mahindi ya mwenyeji wala karibu na kisima. Udongo wetu mwekundu ukilowa stendi ya pembeni inazama, pikipiki inalala, mkono wa klachi unavunjika. Weka kipande cha ubao au jiwe bapa chini ya stendi.

Mwambie mwenyeji amjulishe mjumbe kwamba ana mgeni. Ni simu moja, na namba ngeni uani haimshtui mtu.

Chakula: usiku wa kwanza omba kitu chepesi chenye mchuzi, na maji mengi. Mwenyeji atataka kukuchinjia kuku saa 3 usiku, mwambie kwa heshima kuku awe wa kesho mchana. Mwili uliopigwa upepo siku nzima umekauka, ugali mkubwa na nyama unalala navyo kama jiwe. Usikae unasubiri kiu.

ULANZI, pombe yetu ya mianzi. Msimu wa mvua utaukuta kila mahali na rafiki atakuambia "huu ni mtamu tu, togwa". Ulanzi unaendelea kuchachuka ndani ya chombo: wa asubuhi ni mtamu, uleule jioni umekuwa mkali, na hakuna lebo ya kukuambia umefika wapi. Kama lazima uonje, onja mchana wa siku ya mapumziko, si usiku wa kuamkia safari.

Kuhusu pesa: usimpe mwenyeji hela mkononi kama unalipa gesti, wengi wanaona umewatukana. Beba kitu cha pwani. Nazi, samaki mkavu wa kutoka feri aliyefungwa vizuri, korosho. Au pitia Ilula ununue ndoo ya nyanya na vitunguu ufikishe jikoni. Na kabla ya kuondoka, mjazie rafiki umeme au mnunulie mtungi.

#9 Kijana wa Kimara

Dada umetisha. Ndoo ya nyanya juu ya Boxer yenye mzigo lakini...

#10 Dada wa Kihesa

Nusu ndoo basi, kaka. Kamwene (salamu ya huku kwetu)!

#11 Nesi wa Zamu

Niongezee ya mwili kwa kuwa yamepitwa haraka.

Maji: jaza kwa vipimo vidogo. Nusu lita ukishuka, nusu lita kila saa mpaka ulale. Kama mkojo ni wa rangi ya chai, ongeza chumvi na sukari: pakiti moja ya ORS kwenye lita moja ya maji safi. Huna pakiti, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko kidogo cha chumvi kwenye lita moja. Usizidishe chumvi.

Mikono yenye ganzi: vidole vikifa ganzi njiani ikaisha baada ya kuoga maji ya moto, ni mtetemo na kushika kwa nguvu. Ikiendelea mpaka kesho yake asubuhi, mkao si sahihi. Kaa kwenye pikipiki, nyoosha vidole juu ya mkono wa klachi: kifundo cha mkono kisipinde juu wala chini. Legeza boliti ya kishikio, zungusha mpaka inyooke. Hii ifanyike siku ya mapumziko, si njiani.

Makalio na mapaja: vipele vinatokana na jasho na mishono. Oga, kausha kabisa, vaa kitu kilichopwaya siku nzima ya mapumziko. Vaselini kidogo asubuhi ya kuondoka.

Usingizi ndio mkubwa. Usiku wa kwanza lala saa 3. Rafiki wa zamani ataanza "unakumbuka yule..." na mtafika saa 8 usiku. Hamishia hayo usiku... hapana, mchana wa pili. Deni la usingizi halilipwi kwa chai ya tangawizi, na kusinzia kwenye pikipiki hakuna onyo la pili.

#12 Tairi Kipara

Na siku hiyo ya pili msiende hifadhi ya Ruaha na pikipiki. Ni zaidi ya km 100 za kwenda, barabara ina vumbi na makorongo, na pikipiki hazizungushwi ndani ya hifadhi. Lami ya Mikumi ni kitu kingine, ile ni barabara kuu tu inayokatiza, nayo mchana mwisho 70 na usiku 50. Kama rafiki anataka kukutembeza, Isimila ni kama km 20 njia ya Mbeya, kuna nguzo za udongo na zana za mawe. Au Kalenga mkaone fuvu la Mkwawa lililorudishwa 1954. Panda gari lake au daladala, pikipiki ipoe.

#13 Kijana wa Kimara

Swali la mwisho wakuu. Tairi la nyuma limebakiza kidogo. Nibebe jipya kutoka Dar au ninunue Iringa?

#14 Fundi Makorongoni

3.00-17 Iringa zipo kibao. Ila kama una chapa unayoitaka, litume kwa rafiki kwa basi siku mbili kabla. Funga ndani ya kiroba pamoja na tyubu, cheni na sproketi kama navyo vinahitajika. Andika kwa kalamu ya wino mzito jina la mpokeaji na namba zake mbili. Chukua risiti ya mzigo, namba ya basi na simu ya konda, mtumie rafiki picha ya vyote. Basi la asubuhi linafika Iringa jioni, mzigo uchukuliwe siku hiyohiyo. Wewe unasafiri mwepesi, na Kitonga unapanda bila tairi mgongoni.

Vivyo hivyo kwa vitu usivyohitaji tena, vibakize kwa rafiki uvichukue ukirudi.

#15 Mpita Njia

Kuondoka je? Alfajiri tena kama Dar?

#16 Mzee wa Spana 10

Hapana. Kuanzia Iringa usikimbilie giza. Mafinga na msitu wa Sao Hill asubuhi vinaweza kuwa na ukungu usioona taa ya lori, na Juni–Julai baridi ni ya kuuma. Km 330 hazihitaji saa 11. Ondoka saa 2, ukungu ukiwa umeanza kuachia, utafika Mbeya mchana mapema tu.

Kuwasha: fungua koki, vuta choki, piga kiki bila kuzungusha mkono wa mafuta. Ikishika, dakika mbili au tatu, rudisha choki *yote*. Choki iliyosahaulika inaipaka plagi masizi meusi na utasimama kabla ya Ifunda ukidhani umeme umekufa. Glovu, sweta chini ya koti, na nailoni au koti la mvua juu hata kama hakuna mvua, linazuia upepo kuliko sweta mbili. Makambako upepo wa pembeni unasukuma, shusha mwendo unapopishana na matela.

Km 20 za kwanza ni za kujaribu. Simama, gusa habu ya nyuma kwa nyuma ya kiganja (ikichoma, breki imebana, rudi kwenye maelezo ya Fundi), angalia nati ya ekseli, angalia kama injini inatoa oili kwenye vifuniko vya tapeti ulivyofungua jana.

#17 Tairi Kipara

Kwa wanaorudi: ukilala tena Iringa, mapumziko ya pili kagua breki kuliko injini, maana sasa Kitonga unaishuka. Tazama mshale wa kuonyesha ulaji kwenye mkono wa breki ya nyuma, ukifika alama ya mwisho badilisha brekishu hapohapo mjini. Kuteremka ni gia ya pili au ya tatu, kamwe usiteremke na fri. Breki bonyeza kwa nguvu kwa muda mfupi halafu achia ipoe. Kuishikilia kidogokidogo mlima mzima kunaichemsha drumu mpaka haishiki tena. Na malori yanayoshuka mbele yako, acha nafasi ya mita 50.